Mbaazi Moja, Meko Mawili
Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Mombasa



Wahenga wa pwani hii walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa hekaluni samaki hatumli, lakini methali yake twaikubali. Watoto wetu wanaujua mji huu kupitia dirisha la gari: shuleni, nyumbani, hekaluni. Watoto wa majirani nao hulijua hekalu kwa ukuta wake. Nani atawakutanisha, nasi wazee tunazidi kupungua?

Mimi nasema: jiko. Tazameni mbaazi. Wagujarati huzikoboa na kuzipasua, wakapika dali. Waswahili huzichemsha nzima, wakazitia tui, wakazila kwa mahamri asubuhi. Mbegu ni moja. Tazameni mvuje: kwetu ni kiungo cha mchuzi, kwa jirani ni dawa. Hata muhogo, bibi zetu waliupokea pamoja na jina lake, wakauita “mogo”. Na wajukuu wao walioko London bado huuita hivyo. Ujirani wetu uliingia katika sufuria kabla ya kuingia katika hotuba.

Kwa hiyo naiomba kamati itufungulie jiko la ukumbi kila Jumamosi asubuhi, kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, wetu na wa majirani. Akina mama wa mtaa wawafundishe kukuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui kwa kifumbu. Mama zetu wawafundishe kusukuma rotli. Wadogo wachambue mbaazi na kuzihesabu kwa Kiswahili na kwa Kigujarati. Kisu na moto vibaki mikononi mwa wakubwa. Nyama isiingie, kwa heshima ya hekalu. Na chakula kiliwe pale pale jikoni, kisipelekwe madhabahuni, kwa heshima ya imani ya majirani.

Nazi, mbaazi na unga wa mwaka mzima vitatoka dukani kwangu. Walimu ndio siwezi kuwanunua. Hao nawaomba kwenu.

Najua wapo wanaotaka jiko hilo likodishwe liwe ghala. Mimi ni mfanyabiashara. Thamani ya kodi naifahamu. Lakini kodi huliwa ndani ya mwezi, na mtoto aliyepika pamoja na mwenzake hamwoni tena kuwa mgeni maisha yake yote.