Penye Ufa Kwanza



Kamati iliniomba nieleze kazi yangu serikalini, ikanionya nisiwachoshe kwa lugha ya mafaili. Kazi yenyewe ni kupanga ratiba ya ukaguzi wa vyuo vya ualimu, na leo nina swali moja tu: chuo kipi kikaguliwe kwanza?

Swali laonekana dogo, lakini tupige hesabu. Mwalimu akianza kazi na umri wa miaka 25 na kustaafu na miaka 60, amefundisha miaka 35. Akipokea watoto wapya 40 kila mwaka, wamepita mikononi mwake watoto 1,400. Chuo kinachotoa walimu 100 kwa mwaka, basi, kikilegea mwaka mmoja tu, kitawagusa watoto 140,000. Hasara hiyo haina kelele. Daraja likivunjika watu huliona siku ile ile; mwalimu aliyefunzwa nusu nusu huonekana baada ya miaka, mtoto wa darasa la tano anaposhindwa kusoma barua ya nyumbani kwao.

Njia ya kwanza ya kupanga ukaguzi ni ya zamu. Vyuo vyote huandikwa katika orodha, na kila kimoja hungoja mwaka wake. Njia hii ina haki yake, maana hakuna anayeweza kusema ameonewa. Lakini wakaguzi ni wachache na petroli ina bei. Chuo imara hupewa siku zile zile zinazopewa chuo kinachoyumba, na kinachoyumba huweza kungoja miaka kwa sababu tu jina lake liko chini.

Njia ya pili ni kutazama dalili, ambazo mafaili yetu huziita vihatarishi. Ni miaka mingapi tangu chuo kikaguliwe? Je, Mkuu wa Chuo amebadilishwa mara kwa mara? Wakufunzi wa hisabati wamehama? Idadi ya wanachuo imepanda ghafla bila wakufunzi kuongezwa? Wangapi wanaacha masomo katikati? Mazoezi ya kufundisha yanasimamiwa kweli, au fomu zinajazwa mezani? Kila dalili hupewa alama, na jumla yake huamua nani atangulie. Wahenga walikwisha kusema kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Historia yetu yenyewe yafundisha hayo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 walimu walihitajika haraka ili kila mtoto apate elimu ya msingi. Kuanzia 1976 maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, kwa redio na katika vituo. Lilikuwa jambo la lazima, na wengi wao walikuwa walimu hodari. Lakini popote idadi inapokua kwa kasi namna hiyo, ndipo jicho la mkaguzi linapotakiwa mapema.

Hata hivyo, ndugu zangu, njia hii nayo ina mtego wake. Huko England idara ya ukaguzi iitwayo Ofsted imewahi kutumia tathmini ya hatari kupanga ukaguzi wa shule na wa watoaji wa mafunzo ya ualimu. Kwa upande wa shule walikwenda mbali zaidi: mwaka 2012 zile zenye daraja la juu kabisa zilisamehewa ukaguzi wa kawaida. Msamaha huo ulifutwa mwaka 2020. Katika mwaka wa masomo wa 2021/22, zaidi ya asilimia 80 ya shule hizo zilizokaguliwa zilipoteza daraja lile. Ni kweli kwamba walitanguliza zilizokaa muda mrefu bila kukaguliwa; lakini hilo ndilo somo lenyewe. Sifa ya jana si dhamana ya leo.

Kwa hiyo nashikilia mambo matatu. Kwanza, pawe na ukomo wa miaka ambao chuo chochote, hata kiwe na sifa gani, hakitauvuka bila kukaguliwa. Na vichache vichaguliwe kwa kura kila mwaka. Pili, chuo kioneshwe alama zake na kipewe nafasi ya kujibu, kwa kuwa alama hupanga safari tu, hazitoi hukumu. Tatu, msaada ufuate ukaguzi. Wakuu wa vyuo vya pembezoni hulalamika, nao wana hoja: wakufunzi wao ni wachache kwa sababu hawakuletewa, si kwa uvivu wao. Mkaguzi akifika kwao mara nyingi zaidi lakini mikono mitupu, atakuwa amewaongezea aibu bila kuziba ufa.

Namaliza kwa ombi. Wengi mliomo humu ni wakuu wa shule, na wengine mko katika kamati za shule. Walimu wapya hufika kwenu kwanza. Mkiona anayeshindwa kuandaa somo, msimcheke wala msinyamaze. Msaidieni, kisha andikeni alikosomea na alichokosa. Barua kumi kuhusu chuo kimoja ni dalili ambayo hatuwezi kuipata kwa kukaa ofisini.