Kusema Mbele ya Mkutano

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya kusema mbele ya watu. Huenda likaonekana ni jambo dogo kwa chama ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kuwaangalia wagonjwa na kuwalipia karo watoto wa wenzetu waliopungukiwa. Sisi hatulioni dogo. Fedha za chama hazitoki zenyewe sandukuni. Hutoka kwa uamuzi wa mkutano, na uamuzi wa mkutano humfuata yule aliyesikiwa. Mwenye hesabu sahihi asiyeweza kuieleza hushindwa na mwenye sauti asiye na hesabu, na gharama ya kushindwa huko hailipi yeye. Huilipa mjane ambaye siku ya msiba atakuta sanduku tupu.

Hakuna sababu ya mtu wa Mombasa kuogopa kusema. Tazameni neno lenyewe "baraza". Maana yake ya kwanza ni kile kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba, ambacho mpaka leo twakiona Mji wa Kale, kutoka Kibokoni hadi Kuze. Na maana yake ya pili ni mkutano wa watu wenye shauri la kukata. Babu zetu hawakuona haja ya maneno mawili. Hapo barazani, kikombe cha kahawa mkononi, mtu huyo huyo ambaye katika ukumbi hawezi kutamka jina lake bila kutetemeka, hueleza kesi ya shamba au mambo ya melini tangu mwanzo hata mwisho, na hapana anayesinzia. Ana ushahidi, ana mifano, ajua wapi pa kunyamaza kidogo ili wenzake wasogeze vichwa. Basi ni nini kinachompotea anaposimama mbele ya viti mia?

Twaona kinachompotea ni macho ya watu. Barazani asema na fulani na fulani. Ukumbini adhani asema na "hadhara", na hadhara haina uso. Ndipo atafuta maneno makubwa ambayo hajapata kuyatumia nyumbani kwake, akayafunga tai shingoni, na kujifunga mwenyewe. Dawa yake ni nyepesi. Chagua watu wanne au watano ukumbini, mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa karibu na mlango, wengine kando, useme nao kama wasemavyo watu barazani. Yule wa nyuma ndiye kipimo cha sauti yako. Akiinamisha sikio, pandisha sauti. Akianza kuzungumza na jirani yake, huenda umekwisha zamani na wewe hujui.

Kuna kipimo kingine, nacho chatoka katika mji huu huu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa zama za Wamazrui, aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga juu ya vita, siasa, mapenzi na dhiki za dunia. Mengi ya maneno yake hayakupata kutengenezwa kitabu uhai wake. Karibu nusu karne baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akisaidiana na mmisionari William Taylor, aliyakusanya, na mengi aliyakuta bado yamo vifuani mwa watu. Hatusemi kila mwanachama awe Muyaka. Twasema kwamba hotuba haipimwi kwa makofi ya ukumbini, hupimwa kesho yake, mtu aliyekuwa kazini amwulizapo jirani, "Walisemaje jana?" Kama jirani aweza kujibu kwa maneno mawili au matatu, na yakawa ndiyo maneno yako, umesema. Kama ajibu, "Alisema vizuri sana, lakini sikumbuki alisema nini," hukusema.

Sasa twaja kwenye lile ambalo kwalo tumekubali kusimama leo. Wengi hudhani msemaji hodari ni yule awezaye kuwasha moto. Kuwasha moto si kazi. Mwenye njaa ukimwambia ana njaa atakubeba mabegani. Kazi ni kusimama mbele ya watu wako mwenyewe, wanaokuamini, ukawaambia jambo wasilotaka kulisikia, nao wakalipokea. Mambo hayo yametukia hapa Mombasa, na mara mbili yafaa kukumbukwa.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa mji huu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Kila siku walikusanyika Majengo, katika uwanja waliouita wenyewe Kiwanja cha Maskini. Fikirini ule mkutano. Mtu wa Nyanza, mtu wa Ukambani, Mgiriama, Mdigo, mtu wa Mji wa Kale, maelfu yao uwanjani, na lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili. Mshahara haukutosha, nyumba hazikutosha, bei za vitu zilikuwa zimepanda wakati wa vita. Maneno ya kuwatia hasira hayakuhitaji mtaalamu. Kisha Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944, akaja kutoka Nairobi, akawaambia warudi kazini, na kwamba madai yao yatachunguzwa na baraza la usuluhishi. Wakarudi. Usuluhishi ulichukua miezi, na mambo hayakuwa mepesi. Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao baada ya mgomo, alikamatwa mwezi Agosti mwaka ule ule akapelekwa Baringo, mbali na watu wake. Lakini madai yalisikilizwa na nyongeza ikapatikana.

Mara ya pili ni Machi 1955, katika siku za Hali ya Hatari, makuli wa Kilindini walipogoma. Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, alikuwa hajatimiza miaka 25. Naye alikuja akawashauri jambo zito: warudi kwanza, ndipo mazungumzo yaanze. Mtu aliyeinamisha mgongo chini ya magunia, ambaye hajaongezwa hata senti moja, aambiwa arudi chini ya magunia yale yale na kijana aliyetoka Nairobi! Walirudi, na usuluhishi uliofuata uliwapa nyongeza iliyokaribia theluthi ya mshahara.

Sisi hatudai kwamba ilikuwa ni ufasaha peke yake uliofanya hayo. Watu hawa wawili walikuwa na kitu ambacho hakuna mwalimu wa hotuba awezaye kukufundisha: kila mmoja alisema neno ambalo baadaye angeulizwa. Aliyesema "rudini, nasi tutapigania haki yenu" amejitia rehani. Wasikilizaji huijua rehani hiyo hata kabla ya kuyaelewa maneno. Ndiyo sababu mtu asiye fasaha lakini mwenye kutimiza ahadi husikilizwa kimya, na mwenye ulimi wa asali hupewa makofi na kunyimwa kura.

Tulete jambo hili chamani kwetu. Ninyi nyote mwajua shauri la ada ya maziko. Katika mkutano uliopita lilisomwa karatasi baada ya karatasi, kichwa kimeinamia daftari, mpaka mlio wa feni ukawa wasikika zaidi kuliko msomaji. Kisha mtu mmoja aliye nyuma akapaza sauti kwamba maskini hawaongezewi mzigo, ukumbi ukapiga makofi, na shauri likaahirishwa. Neno lake lilikuwa jema. Maskini kweli hawaongezewi mzigo ovyo. Lakini maskini ndiye wa kwanza kuumia sanduku likikauka, maana tajiri huzikwa hata pasipo chama, na hilo hakulisema mtu.

Hebu lisemwe namna nyingine. Tuseme, kwa mfano tu, chama kina watu 200, na kila mmoja hutoa shilingi 100 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 20,000. Tuseme maziko moja huchukua shilingi 15,000. Mwezi wenye msiba mmoja, sanduku lapumua. Mwezi wenye misiba miwili, twahitaji 30,000, twapungukiwa 10,000. Msemaji atainua kichwa aseme: "Ndugu zangu, msiba wa pili hauna fedha. Kila mmoja akiongeza shilingi 50, msiba wa pili una fedha. Msipoongeza, semeni leo ni nani kati yetu hatazikwa na chama." Kisha aketi. Hesabu nyingine zote zibaki daftarini, atakaye kuziona na aje mezani. Mnaona kwamba hapakuwa na ufundi mwingi? Alichagua tarakimu tatu badala ya thelathini, akasema anataka nini, akaacha. Wengi wetu twaweza kueleza shida. Ni wachache wakumbukao kusema wanataka mkutano ufanye nini.

Machache juu ya salamu. Adabu ni nguo, na hatutaki mtu asimame uchi mbele ya wazee. Lakini tumeona msemaji aliyepewa dakika kumi akatumia saba kuwataja wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akarudi nyuma kumwomba radhi aliyesahauliwa, na kengele ikampigia kabla hajaligusa shauri. Msalimu mwenyekiti, wasalimu wazee, wasalimu wote, basi. Methali nazo ni hivyo hivyo: moja yatosha, na iwe imetoka kwenye jambo lenyewe, si kubandikwa.

Na Kiswahili gani? Hapa twakanyaga mahali penye joto. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa ndio uliokata shauri kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kifuate Kiunguja, na wapo wazee wetu ambao hawajausamehe mkutano ule. Sisi twasema, aliyezaliwa na Kimvita na aseme Kimvita bila haya. Ni lugha ya Muyaka. Ila akumbuke kwamba akimwambia mgeni "ndoo", yeye amwita, na mgeni aweza kwenda kutafuta chombo cha maji. Neno lenye hatari ya namna hiyo na lifuatwe na jingine la kulieleza. Na wenzetu waliotoka bara wasijifunge kwa kuogopa ngeli. Hapana aliyepata kukataa fedha za rambirambi kwa sababu mtoaji alikosea kusema "hizi" na "hii".

Kipaza sauti nacho chataka neno moja. Kimemfanya kila mtu adhani ana sauti. Mashine hukuza kilichomo: ukimeza maneno, itakuza kumeza. Sema polepole kuliko unavyodhani yafaa, maliza sauti ya mwisho ya kila neno, na pumua mahali penye nukta.

Limebaki la mabibi, na twaliweka mwisho si kwa udogo wake. Mji huu umekuwa na vyama vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, ambamo wanawake walikuwa na viongozi wao, michango yao na mashindano yao, na nyimbo zao zilimfikia aliyekusudiwa hata kama amejifungia ndani. Hawakufunzwa kusema na mtu. Leo katika chama chetu, michango ya mitaa mingi hukusanywa na wanawake. Wao ndio wajuao nani amelipa, nani ameficha shida, nani amekufa na deni. Kisha wafikapo hapa, hukaa upande wao, na wanaume waliosikia habari kwa wake zao husimama kuzieleza nusunusu. Hii ni hasara ya fedha, tuache hata adabu.

Kamati imekubali, kwa hiyo, kwamba kuanzia mwezi ujao, kabla ya hesabu kusomwa, wanachama wawili watapewa dakika tano tano juu ya shauri moja, mmoja akilitetea na mwingine akilipinga, na wazee watatu watawaeleza baada ya mkutano, kwa faragha, walisikika au hawakusikika. Shauri la kwanza ni hilo hilo la ada ya maziko. Yule ndugu aliyepaza sauti mwaka jana amekwisha kukubali kupinga, nasi twamshukuru kwa moyo. Atakayetetea hajapatikana. Katibu yuko mlangoni na daftari lake, na tungefurahi jina litakaloandikwa likiwa la bibi.