Nguvu za Kuinuka Kitini
(Mazungumzo na kikundi cha akina mama na wazee, Eldoret)



Hapa kwetu Eldoret, mtu akitaja mazoezi sote tunafikiria mbio. Si ajabu, maana mji huu unajulikana duniani kwa wakimbiaji wake. Lakini je, mama wa miaka 60 mwenye magoti yanayouma afanye nini? Leo tuzungumze juu ya mazoezi ya nguvu kwa mashine: yale ya kuketi, kusukuma na kuvuta uzito polepole, bila kuruka wala kukanyaga kwa kishindo.

Wengine watasema, "Sisi tunalima, tunakama, tunabeba maji. Mazoezi ya nini tena?" Swali ni zuri. Lakini gunia la mahindi la kilo 90 halikuulizi kama mgongo wako uko tayari. Kwenye mashine unachagua mwenyewe: leo kilo 5, baada ya wiki chache uongeze kidogo. Tena kiti kinaushikilia mgongo.

Kwa nini tujisumbue? Umri ukisonga, misuli hupungua. Anayeinuka kitini kwa shida huanguka kwa urahisi, na mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena peke yake. Hapo nyumba nzima inaingia taabuni. Lakini hatujachelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 dhaifu, wenye miaka 90 hivi, waliofanyishwa mazoezi ya miguu kwa uzito muda wa wiki 8. Kwa wastani, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Basi tuanzeje?

Kwanza, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kabla ya kuanza.

Pili, mwalimu akurekebishie kiti kilingane na urefu wako. Usikubali kukalia kiti kilichopimwa kwa kijana aliyetangulia.

Tatu, anza na uzito mwepesi unaoweza kuusukuma mara 10 hadi 15. Pumua nje unaposukuma. Usibane pumzi, maana presha hupanda.

Nne, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau siku 2 kwa wiki. Pumzika walau siku moja katikati. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Lakini kiungo kikichoma, kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, acha mara moja na umwambie mwalimu.

Tunajua wengi mnaona haya, mkidhani jimu ni mahali pa vijana wa vifua vipana. Basi tusiende mmoja mmoja. Tukiwa sita au wanane tunaweza kuomba saa za asubuhi, vijana wakiwa kazini, na kuulizia bei ya kikundi.

Kabla hatujaondoka, hebu tujipime kwa viti hivi hivi tulivyokalia. Kunja mikono kifuani, simama, kaa, simama tena, kwa sekunde 30. Asiyejiamini akae karibu na ukuta, na jirani amsimamie. Andika hesabu yako. Baada ya wiki 8 za mazoezi tutahesabu tena, na kila mtu ataona mwenyewe.