Mlango Tunaoujua Sote

Sheha wetu, walimu wa skuli na wa chuoni, wazazi, na nyinyi wanangu wa maskani:

Nimeombwa nizungumzie dawa za kulevya na vijana wetu. Nitaanza na aibu, kwa sababu muuza unga hana mlinzi bora kuliko huyo.

Kijana wa Mkunazini au Jang'ombe haamki tu asubuhi akaitafuta heroini. Huanza maskani na rafiki yake: sigara, kisha msokoto wa bangi, kisha kete ya bure. Arosto ikishamkamata, hatafuti tena raha. Anatafuta mwili usiume. Nyumbani hupotea simu ya dada, halafu feni, halafu mtungi wa gesi. Mama anajua, ananyamaza. Baba anasema mtoto karogwa. Jirani anaiona feni ikipita kichochoroni mchana kweupe, anageuza uso. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zamani mtu mzima yeyote barazani alimwuliza mtoto, "Unakwenda wapi saa hizi?" Leo ukimwuliza, mzazi wake anakujia juu: "Kwani unamlea wewe?" Basi kazi ile tumemwachia muuzaji. Yeye anamjua kila kijana kwa jina, anajua nani kafeli mtihani, nani kagombana na babake.

Tiba ipo. Tangu 2009 Unguja ina soba hausi, nyumba za kuwasaidia walioacha dawa, na nyingi zinaendeshwa na vijana waliowahi kutumia wenyewe. Tangu 2015 dawa ya methadoni inatolewa hospitali ya Kidongo Chekundu. Lakini kijana akitoka huko anarudi mtaa ule ule. Wenzake wa kete wanampokea kwa furaha, sisi tunafunga milango. Akianguka tena tunasema, "Tulijua tu."

Wazazi wenzangu, ukiletewa habari ya mwanao, shukuru kwanza, hasira baadaye. Fundi, mwenye duka, nahodha: kijana aliyeacha mpe kazi, hata ya kutwa. Msikitini msogelee, mjaze safu pamoja.

Na mlango unaouza tunaujua sote. Mmoja wetu akiusema peke yake, atatishwa. Tukienda mtaa mzima, Sheha akiwa mbele, hadi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nani wa kututisha?