Ndoto za Usiku na Dawa za Usiku

Leo tuzungumze juu ya ndoto. Usishangae kumsikia muuguzi akizungumzia ndoto, kwa maana nimeona ndoto ikimtoa mtu kwenye dawa kwa miezi mitatu mizima.

Ilikuwa mwaka wa 2016. Mama mmoja mchuna chai alikuwa ameanza dawa za ARV. Wakati huo wagonjwa wengi walipewa kidonge kimoja cha kumeza usiku, na ndani yake mlikuwa na dawa iitwayo efavirenz. Usiku wa tatu akamwota kaka yake aliyefariki zamani. Alimwona amesimama kwenye kituo cha kupimia majani, akimwambia ashushe kikapu waende nyumbani. Usiku uliofuata akaja tena, na uliofuata pia. Mama alisema ndoto ile ilikuwa wazi kuliko mchana, hata harufu ya majani mabichi aliisikia.

Mnajua vile tunavyoishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii na Mluhya ni ukuta kwa ukuta, na ndoto ikisimuliwa asubuhi, kufikia jioni ina tafsiri nne. Mzee mmoja alimwambia hao ni oiik, roho za wazee waliotangulia, wanataka kukumbukwa. Jirani Mjaluo akasema kwao marehemu akija ndotoni mara nyingi anaomba mtoto apewe jina lake. Mhubiri mmoja akasema ni pepo, tena pepo ameingia kwa njia ya kidonge, basi afunge na aache dawa. Mama akavitia vidonge chini ya godoro.

Sikuja hapa kucheka imani ya mtu. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa na ninajua habari za Yusufu na ndoto za Farao. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Mhubiri sura ya 5, inasema ndoto huletwa na shughuli nyingi. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: iliyo njema hutoka kwa Mungu, ya kutisha hutoka kwa shetani, na nyingine ni mawazo ya mtu mwenyewe yanayomrudia. Naye Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hakukubali kwamba ndoto hutumwa na Mungu, lakini alikubali kwamba mganga mzuri huziuliza ndoto za mgonjwa, kwani huenda mwili unaeleza jambo usiku ambalo mchana halisikiki. Hapo mzee Aristotle alituzidi sisi wauguzi.

Nasema hivyo kwa sababu aliyemweleza mama yule habari za dawa siku ya kwanza nilikuwa mimi. Nilimwambia juu ya kizunguzungu na upele. Ndoto sikuzitaja. Nilikuwa na foleni ndefu mlangoni na niliona ni jambo dogo.

Efavirenz hufika hadi kwenye ubongo. Watu wengi walioimeza waliota ndoto nzito, hasa wiki 2 hadi 4 za mwanzo, kisha zikapungua zenyewe. Ukiimeza baada ya chakula chenye mafuta mengi, dawa huingia kwa wingi zaidi katika damu na ndoto huzidi. Kwa hiyo tulishauri imezwe wakati wa kulala, tumbo likiwa halina chakula kizito. Ni maneno ya dakika mbili tu.

Mama alirudi akiwa amekonda, anakohoa. Tulipozungumza polepole, ndipo akaniambia kaka yake alifariki mwaka wa 2002 kwa ugonjwa huo huo, wakati ARV hazijafika katika kliniki nyingi za serikali. Yeye ndiye aliyemuuguza. Sasa niambie, msikilizaji, dawa iliichochea ndoto, sawa, lakini ni nani aliyechagua sura ya kaka? Ni hofu yake mwenyewe, nadhani, na majonzi ambayo hakuwahi kuyasema. Sikumwambia kwamba ndoto yake haina maana. Nilimwambia aende akamkumbuke kaka yake pamoja na jamaa zake, kwa sala au kwa desturi yao, na kidonge akimeze usiku huo huo. Ukiacha dawa, virusi huongezeka tena na huenda vikawa sugu.

Leo wagonjwa wengi wamehamishiwa dawa ya dolutegravir, ambayo Kenya ilianza kuitumia kwa wingi tangu 2018. Ndoto zimepungua sana, ingawa wachache hukosa usingizi. Hao mara nyingi huambiwa waimeze asubuhi. Uliza kwanza kliniki yako.

Kuna ndoto nyingine. Wapo wenzetu ambao tangu vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wanaota moto ule ule na kelele zile zile. Hicho ni kidonda cha moyo, na kinatibika kwa ushauri nasaha. Homa ya malaria pia huleta ndoto za ajabu. Pima damu kwanza. Na ukisikia sauti ukiwa macho, au ukipata mawazo ya kujiua, njoo siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Mama yule alimwota kaka yake mara moja zaidi. Aliniambia safari hiyo hakusema neno, alimsaidia kuinua kikapu. Bado anachuna chai.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maumivu ya mgongo kwa wabebaji wa majani. Sere.