Kibali cha Mgeni na Kisu cha Roli: Nani Anarithi Ufundi Simiyu?



Kuna hesabu moja iliyoanzia vijiweni, na sasa naisikia hata kwenye semina: kila kibali cha kazi anachopewa mgeni ni ajira moja aliyonyang'anywa Mtanzania. Futa vibali mia, umepata ajira mia. Wasomi wenzangu huipuuza kwa adabu. Mimi leo nitakosa adabu kidogo.

Hesabu hiyo inadhani ajira ni kama viti vya ukumbi huu: mmoja akiinuka, mwingine anakaa. Tazameni kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine ya roli ikisimama katikati ya msimu na asiwepo anayejua kuirekebisha, hakuna Mtanzania anayepata nafasi ya fundi mgeni. Wapakiaji, wapima mizani na wafunga marobota ndio wanaorudi nyumbani, na pamba ya mkulima wa Itilima inalala ghalani.

Wenye hesabu hiyo hukimbilia Amri ya Julai 2025, iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ukiwamo ununuzi wa mazao shambani. Naiunga mkono. Mgeni anayenunua pamba shambani haleti ujuzi tusio nao. Mizani tunayo, vyama vya ushirika vya AMCOS tunavyo. Lakini amri ile inahusu biashara, si ajira ya utaalamu. Anayeitumia kumhukumu fundi mitambo hajaisoma.

Wapo hata wanaohesabu kwa rangi ya ngozi. Hao walijibiwa tarehe 7 Januari 1964, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba utumishi wa serikali hautabagua tena raia kwa asili yake.

Baba yangu mdogo alikuwa msaidizi wa Kalasinga mmoja katika kiwanda cha pamba. Alifundishwa kubadilisha mikanda, kupaka grisi, hata kuchonga mifereji ya roli. Ila kila ilipofika zamu ya kupanga kisu dhidi ya roli, mzee yule alimtuma chai. Kisu kikilegea, roli haishiki nyuzi sawasawa. Kikibana mno, roli inapata moto na kulika upesi. Ujuzi wote umo katika nafasi hiyo ndogo, na baba mdogo alistaafu bila kuigusa. Miaka yote hiyo ajira alikuwa nayo. Wenye hesabu ya viti watamwandika safu gani?

Ndiyo maana nakithamini kuliko maandiko yote ya uchumi kifungu cha 7 cha Sheria Na. 1 ya 2015, inayoratibu ajira za wasio raia. Kinamtaka mwajiri wa mgeni aandae mpango unaotekelezeka wa kurithisha ujuzi wa mgeni huyo kwa raia, na aweke mafunzo ya kuwaandaa wazawa kushika kazi hiyo. Angalieni uzito wake: kinamgeuza mgeni kuwa mwalimu, na mwajiri kuwa mdhamini wa somo. Kibali hutolewa kwa miezi 24. Msimu wa pamba hufunguliwa Mei, na matengenezo makubwa hufanyika kabla yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa kisu ana nafasi mbili tu za kujifunza kabla kibali hakijaombwa upya. Semina ya Desemba jijini Dar es Salaam, yenye vyeti na picha ya pamoja, haihesabiki.



Nakubali kwamba wapo wageni walioingia kwa jina la utaalamu huku wakifanya kazi ambayo kijana wa VETA angeifanya. Hao waondoke, na sheria inatosha kuwaondoa. Nakubali pia kwamba wapo waajiri wanaojaza mpango wa kurithisha ujuzi kama fomu ya kawaida na kuufungia kabatini. Nimeyapima yote hayo, na bado nasema ufundi hurithishwa penye mashine, si penginepo.

Kwa hiyo nawaomba maofisa wa kazi: njooni Aprili, kabla msimu haujafunguliwa, na mpango wa mwajiri mkononi. Mwambieni mgeni asimame kando, Mtanzania apange kisu. Akishindwa baada ya miaka miwili, mwajiri aeleze kwa nini, na kibali kisihuishwe mpaka aeleze.