Levie Inayocheza

Somo: Waefeso 4:15-16, Mithali 18:13

Leo, kabla ya kufundisha, nina jambo la kuungama, na ni juu ya gari.

Wengi mnaijua Hilux ya kanisa. Imebeba wagonjwa, imebeba maiti, imebeba maharagwe ya matoleo na spika za mkutano. Mwaka jana levie ya vitesi ilianza kucheza. Ukiishika, inazunguka kama mwiko ndani ya chungu. Shoferi anatafuta vitesi ya pili, anapata ya nne. Siku moja kwenye mteremko, wamama wa kwaya wamejaa nyuma, alitafuta ya pili hakuiona kabisa, gari likashuka kwa breki peke yake. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini wamama walifika wakilia, na jioni ile simu yangu haikunyamaza.

Komite ilikaa. Kwa nusu saa tulikata mambo mawili: shoferi ameharibu bwati ya vitesi kwa kuendesha ovyo, basi aondoke, na kanisa likusanye dola 700 za kununua bwati nyingine. Shoferi alisema neno moja tu: “Pasta, bwati ni nzima, ni levie.” Nikamwambia anyamaze. Ndugu zangu, mimi nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu. Habari ya bwati sijasoma hata ukurasa mmoja, lakini hukumu nilitoa mimi. Na Mithali 18:13 nimeihubiri mara nyingi, ile inayosema aibu ni ya mtu anayejibu kabla ya kusikia.

Tulichanga Jumapili sita. Mama mjane mmoja alileta kuku.

Basi tukapeleka gari Goma kwa fundi mmoja, muzee wa miaka inayokaribia sabini. Hakugusa kitu kwanza. Aliliendesha, akazunguka, akarudi na maswali.

“Pasta, vitesi ikiingia, bwati inalia?”

“Hapana.”

“Ikisha kuingia, inaruka yenyewe?”

“Hapana.”

“Sasa mtu anaumwa na jino, kwa nini mnataka kumpasua tumbo?”

Akanifundisha. Meno ya vitesi yako chini, ndani ya bwati, yanaoga mafuta. Mkono wa shoferi uko juu. Kati yao kuna ile fimbo, na mwisho wa fimbo umevaa kipete cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha chupa. Kipete kikilika, mkono unasema “ya pili”, fimbo inaogelea, na bwati haisikii kilichosemwa. Alivua mpira wa levie, akakandamiza kile kifuniko cha chini na kukizungusha, fimbo ikatoka nzima mkononi mwake. Mwisho wake ulikuwa uchi. Kipete kilikuwa kimebaki vipande vya njano. Aliokota vipande vyote, kimoja kimoja, akafunika tundu kwa kitambaa safi vumbi lisiangukie ndani. Kipete kipya tulikinunua dola tano. Akapaka grisi, akarudisha fimbo, kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Akiwa anafanya alinieleza kwamba ujanani alijifunza ufundi Nairobi, kwenye garaji ya magari ya mbio. Huko aliuona ugonjwa huu huu katika Datsun 240Z, lile gari dogo la Kijapani la milango miwili lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Wenye magari hayo leo wanayatunza kama bibi arusi. Hata hayo, levie yake imekaa juu ya pini inayopita katika vipete vidogo, na vikilika inatikisika kama jino bovu. Wengine wanachoka, wanaweka vipete vya chuma. Levie inakaza kweli, lakini mtetemo na kelele za bwati zinapanda mpaka mkononi, maana ile plastiki ilikuwa pia inatuliza. Vijana wetu wanafunga kipande cha mpira wa tairi. Hiyo inafika wiki mbili.

Nilipofika hapo nilianza kuuliza yale ambayo ningeuliza tangu mwanzo. Kumbe miezi minne kabla ya ule mteremko, shoferi alimwambia shemasi wa magari: levie inahitaji kipete. Shemasi alimwambia mtunza sanduku. Mtunza sanduku akasema, mwezi ujao. Mimi sikusikia kitu. Nikamwita shemasi, nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu. Alitazama chini, akajibu: “Pasta, mara ya mwisho nilipokuletea habari ya pesa, ulinifokea mbele ya watu.”

Someni sasa Waefeso nne. Paulo anasema mwili wote unaungamanishwa kwa kila kiungo, kila sehemu ikitenda kazi kwa kipimo chake. Sisi wachungaji tunapenda kuhubiri kichwa, ambacho ni Kristo, halafu tunaruka mpaka kwa mikono na miguu. Kiungo tunakipita. Lakini katika kanisa, kiungo ni yule anayebeba neno kutoka hapa kwenda pale: shemasi, karani, mama anayemtembelea mgonjwa na kurudi na habari. Nikimfokea huyo, nimemla kidogo. Nikimfokea tena, nimemla tena. Siku ya mteremko natafuta vitesi, naona hewa. Tena ule mstari wa 15 unadai kweli isemwe katika upendo. Katika nyumba yangu kweli ilikuwa imeogopa kuingia.

Nilimfuata shoferi kwake. Nilimkuta shambani kwa mtu, analima kwa siku, na watoto wake watatu wamesimamishwa shule. Niliomba msamaha pale, na Jumapili nikaomba tena mbele ya kanisa, maana nilimhukumu mbele ya watu. Pesa za bwati zilimlipa wiki zake zote na karo ya watoto. Kuku alikuwa amekwisha kuuzwa. Tulimpelekea yule mama bei yake, akaikataa.

Alirudi kazini Jumatatu. Gari likiwa limesimama, aliingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akanitazama. Tukaenda mpaka Rumangabo bila yeye kusema na mimi neno, na sikumlazimisha.